Ardhi Inapotikisika, Ukimya si Utulivu: Somo la Mayotte kwa Visiwa Vyetu



Jioni ya tarehe 15 Mei 2018, siku mbili tu kabla ya mfungo wa Ramadhani, kisiwa cha Mayotte kilitikiswa na tetemeko la ardhi la ukubwa wa karibu 5.9. Halikuwa la kwanza. Tangu tarehe 10 ya mwezi huo watu walikuwa wakihisi mitikisiko, mara mchana, mara usiku. Lakini hilo lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika eneo la Komoro. Familia nyingi zilihamia nje na watoto wao, zikalala uwanjani kwa kuogopa kuangukiwa na nyumba.

Mayotte si mbali nasi. Ni kisiwa cha nne cha Komoro, kilichobaki chini ya Ufaransa. Wakaazi wake wengi ni Waislamu, na Shimaore wanachokizungumza ni ndugu wa Kiswahili. Wapo miongoni mwetu wenye jamaa huko. Kwa hivyo yaliyowafika yanatuhusu.

Walichouliza watu kilikuwa kitu kimoja: chini yetu kuna nini? Kwa miezi mingi hawakupata jawabu la kuwatuliza. Wataalamu wenyewe walikuwa hawajajua, kwani vipimo vilikuwa vichache na chanzo kilikuwa chini ya bahari. Na hata kile kidogo kilichojulikana kiliandikwa kwa Kifaransa cha kitaalamu, tarakimu juu ya tarakimu, ambacho mama wa kijijini hawezi kukigeuza kuwa uamuzi: nilale ndani leo au nje?

Pengo hilo likajazwa na uvumi. Wakawepo waliosema wakubwa wanajua ila wanaficha. Wananchi wakaanzisha kundi lao katika Facebook, wakaingia maelfu. Kila mmoja akawa anaandika saa na mahali alipohisi mtikisiko, na wenye elimu wakijitahidi kuwafafanulia wenzao taarifa za kitaalamu. Kazi iliyopaswa kufanywa na wenye dhamana ikafanywa na raia kwa simu zao.

Mwezi Mei 2019 ndipo meli ya utafiti Marion Dufresne ilipogundua siri. Kiasi cha kilomita 50 mashariki ya kisiwa, kwenye kina cha mita 3,500 hivi, ulikuwa umezaliwa mlima mpya wa volkano wenye urefu wa takriban mita 800 kutoka sakafu ya bahari. Kisiwa chenyewe kilikuwa kimeshuka kwa zaidi ya sentimita 10 na kusogea upande wa mashariki. Mlima huo sasa unaitwa Fani Maoré. Baada ya hapo ukaundwa mtandao wa ufuatiliaji, REVOSIMA, unaotoa taarifa za kawaida zinazosomwa na yeyote bila malipo. Ni jambo jema, ila lilikuja baada ya mwaka mzima wa hofu.

Je, kusema kunaleta taharuki?

Hii ndiyo hoja ya wanaopendelea ukimya. Lakini watu wa Mayotte hawakulala nje kwa sababu walielezwa mengi. Walilala nje kwa sababu hawakuelezwa ya kutosha. Hata neno "bado hatujajua chanzo, tunachojua ni hiki, na la kufanya ni hili" ni taarifa, nayo humpa mtu pa kushika.

Tukumbuke pia tarehe 26 Desemba 2004. Mawimbi ya tsunami yaliyotoka Sumatra yalichukua saa nyingi kufika pwani yetu. Kenya habari zilipofika, polisi waliwaondoa watu ufukweni, na aliyefariki alikuwa mmoja. Tanzania walifariki watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa wanaogelea Dar es Salaam. Somalia, ambako hapakuwa na wa kuonya, walifariki karibu 300. Ni kweli Somalia ilipigwa kwa nguvu zaidi. Lakini saa zilikuwepo kwa wote. Kilichokosekana ni habari.

Dini inatuelekeza nini?

Ajali iko mikononi mwa Allah (Subhanahu wa Taala), na mtikisiko wa ardhi ni ukumbusho wa kurejea Kwake kwa toba na dua. Lakini Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alimfundisha yule bwana amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kukagua ukuta wenye ufa ni kumfunga ngamia.

Aya ya 83 ya Suratun-Nisaa inawakosoa wanaozitawanya habari za amani au za hofu mara tu zinapowafikia, na inaelekeza zirejeshwe kwa wenye mamlaka na ujuzi wa kuzichambua. Mara nyingi tunaisoma kwa kumkemea anayesambaza ujumbe wa simu. Ni sahihi. Lakini ili raia airejeshe habari, lazima awepo wa kuipokea, kuichambua na kumjibu kwa lugha anayoifahamu. Anayeijua hatari iliyo chini ya nyumba za watu amebeba amana, na amana hurejeshwa kwa wenyewe.

Na sisi huku?

Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 tetemeko la ukubwa wa 6.0 lilitokea baharini, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, na Unguja lilihisiwa. Alhamdulillah, lilipita salama. Lakini Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ghorofa juu ya ghorofa, na vijiji vyetu vingi viko usoni mwa bahari. Tuna haki ya kuuliza: majengo dhaifu yameorodheshwa? Orodha iko wapi? Njia ya kukimbilia kutoka ufukweni ni ipi, na watoto skuli wamefundishwa? Tunazo Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tuziombe majawabu hayo yabandikwe kwa masheha na misikitini, kwa Kiswahili chepesi, kabla ya siku yenyewe.

Nasi nyumbani tuanze na haya:

1. Ardhi ikitikisika, kaa mbali na vioo na kabati, jikinge chini ya meza imara. Ikitulia, toka nje bila kusukumana.

2. Ukiwa pwani ukahisi mtikisiko mkali au wa muda mrefu, au ukaona bahari inakupwa ghafla, usiende kuokota samaki. Kimbilia pa juu au bara papo hapo, usingoje tangazo.

3. Likikukuta katika swala, wanazuoni wameruhusu kuikata swala ili kuokoa roho, yako au ya mwenzako.

4. Ujumbe usio na jina la mtoaji wala saa, usiusambaze.

Tunamuomba Allah avihifadhi visiwa vyetu na ndugu zetu wa Komoro na Mayotte, na awape wenye dhamana ujasiri wa kusema wanachokijua.

Wabillahi tawfiq.