Saini ya Entebbe haikutosha

Na Zuhura Mkamba

Mawaziri wakishatia saini na kupeana mikono mbele ya kamera, wengi wetu huamini mkataba umekwisha kufungwa. Mkataba wa ushirikiano wa Bonde la Mto Nile haukwenda hivyo. Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia ziliutia saini Entebbe tarehe 14 Mei 2010. Kenya ilifuata siku tano baadaye, Burundi mwaka 2011. Lakini ulianza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, miaka 14 baada ya sherehe ile.

Kanuni za kufunga mikataba ziko katika Mkataba wa Vienna wa 1969. Kwa mkataba unaohitaji kuridhiwa, saini huonyesha nia, na huizuia serikali kufanya jambo la kuubomoa mkataba wakati bado inatafakari. Wajibu wenyewe huja nchi inaporidhia. Huu wa Nile ulitaka hati 6 za kuridhia ziwasilishwe Umoja wa Afrika, kisha zipite siku 60. Ethiopia na Rwanda ziliridhia 2013, Tanzania 2015, Uganda 2019, Burundi 2023. Hati ya sita ilitoka Sudan Kusini, nchi ambayo siku ya Entebbe ilikuwa haijapata hata uhuru.

Safari ni ndefu, lakini naitetea, maana tunajua ile ya mkato ilitufikisha wapi. Mwaka 1929 mwakilishi wa Uingereza mjini Cairo na Waziri Mkuu wa Misri waliandikiana barua, na barua hizo zikawa mkataba. Zilikataza kujenga miradi ya umwagiliaji au umeme kwenye mito na maziwa ya nchi zilizotawaliwa na Waingereza, kama ingepunguza maji ya Misri, mpaka Misri ikubali. Wa Mwanza, Kisumu na Jinja hawakuulizwa. Ndiyo maana serikali ya Tanganyika, mwaka 1962, ilitangaza kwamba haifungwi na makubaliano yale.

Kuridhia ndiko kunakompa mwananchi nafasi ambayo babu zetu walinyimwa. Katiba ya Tanzania, ibara ya 63, inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba ya namna hii. Ningependa kazi hiyo ianze mapema zaidi: mvuvi na mkulima wa kando ya Ziwa Victoria wasomewe vifungu kwa Kiswahili kabla mbunge wao hajapiga kura.

Yamebaki mazito. Misri na Sudan zimekaa nje, na mkataba haumfungi asiyeukubali. Kifungu cha 14(b), kuhusu usalama wa maji wa kila nchi, kiliwashinda wajumbe mezani, kikaachiwa Kamisheni ya bonde itakayoundwa chini ya mkataba huo.

Kinachonisumbua zaidi ni Kenya. Iliutia saini kabla ya Burundi, lakini mkataba ulipoanza kutumika haikuwa miongoni mwa nchi sita zilizoridhia. Katiba yake ya 2010, ibara ya 2(6), inaufanya mkataba uliokwisha kuridhiwa kuwa sehemu ya sheria za nchi. Kwa uzito huo, Wakenya wana kila haki ya kuukagua neno kwa neno, hata kuukataa. Basi wabunge wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Busia, ambao wapiga kura wao wanaishi kwa maji haya, waiulize serikali hadharani: hati ya Kenya iko wapi, na kwa miaka yote hiyo ni nani aliyeizuia?