Jicho Litangulie Jina

Wako wanaoshikilia kwamba kuchora kutokana na sanamu ni uigaji mtupu: mchongaji amekwisha kuifanya kazi, mchoraji anafuata nyayo tu. Dai hili lina dosari, na kisa cha Tintoretto, mchoraji wa Venice aliyefariki mwaka 1594, kinatosha kulibatilisha.

Mnamo 1523, Kadinali Domenico Grimani aliuachia mji wa Venice sanamu zake za kale kwa wasia. Mojawapo ilikuwa ya marumaru, ya kichwa na kifua cha mwanamume mwenye mashavu manene na shingo pana. Iliaminika kuwa ni ya Vitellius, kaisari aliyeitawala Roma kwa miezi michache mwaka 69. Tintoretto na wanafunzi wake waliichora mara nyingi kutokana na nakala ya plasta: kutoka mbele, ubavuni, hata chini ya kidevu. Chaki nyeusi ilichora vivuli, nyeupe ikaonyesha mwanga. Sanamu ni ile ile, ilhali kila mchoro una uso wake. Waama, plasta haina mistari. Ni mchoraji anayeamua kivuli kianzie wapi na kikome wapi. Huo si uigaji, ni ufasiri.

Baadaye wataalamu walibaini kwamba sanamu hiyo si ya Vitellius. Ilichongwa katika karne ya 2, miaka mingi baada ya kifo chake. Jina lilianguka, michoro haikuanguka, kwa kuwa msingi wake ulikuwa umbo lililotazamwa, si sifa za kaisari.

Hapa pana funzo kwa mwanafunzi wa fasihi. Aghalabu huingia katika chumba cha mtihani akiwa amesoma mwongozo wa tamthilia badala ya tamthilia yenyewe. Anajua mwandishi husifiwa kwa lipi, wala hajui mhusika alitamka nini. Mwongozo una manufaa yake, lakini ni mithili ya jina lililobandikwa chini ya sanamu: likikosewa, anayelitegemea hubaki mikono mitupu. Aliyeirudia matini mara tatu, kila mara akiitazama kwa upande mwingine, hata akikosea istilahi, ana la kusema.

Wahadhiri nao hawana budi kujihoji. Swali linaloweza kujibiwa kwa mwongozo pekee humtuza asiyetazama.