Nani Anahesabu Yaliyofika?

Mwanzoni mwa Oktoba 2020, Uingereza ilitangaza kwamba watu 15,841 waliothibitika kuwa na virusi vya korona hawakuwa wameingizwa katika takwimu za kila siku. Walikuwa wamepimwa, na wenyewe walikuwa wamepewa majibu. Kilichopotea ni taarifa zao, njiani, kati ya kompyuta na kompyuta.

Maabara zilituma matokeo katika mafaili mepesi ya maandishi. Public Health England, taasisi iliyosimamia afya ya umma wakati huo, iliyapokea kwa utaratibu unaojiendesha, ukiyahamishia katika majedwali ya Excel ya muundo wa zamani. Muundo huo haubebi zaidi ya mistari 65,536, na kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa. Jedwali lilipojaa, waliosalia waliachwa nje. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeshtuka, na watu waliokaribiana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa na kuonywa.

Huikumbuka habari hii kila ninaposikia, kwenye madirisha ya ofisi zetu, jibu lile maarufu: "Mfumo hausomi." Jina la mwanafunzi halisomi, malipo hayasomi, michango ya mfanyakazi haisomi. Zamani tuliambiwa faili halionekani. Lakini faili la karatasi lilikuwa na karani na daftari la kusaini. Leo ipo skripti inayoamka usiku wa manane, ikachota taarifa huku na kuzipeleka kule, bila shahidi.

Sikubali kwamba tatizo ni kompyuta. Mafundi wanajua vyema panapovuja: nywila imekwisha muda, mfumo unaopokea umelichukua faili kabla halijakamilika kuandikwa, nafasi ya kuhifadhi imejaa, mpangilio wa jedwali umebadilishwa bila upande wa pili kuarifiwa. Dawa nazo zinajulikana. Faili lipewe jina la muda hadi litimie. Mistari ihesabiwe pande zote mbili. Hesabu zisipolingana, kazi isimame na mtu aarifiwe. Na faili lisipofika saa iliyopangwa, ukimya huo uchukuliwe kuwa hitilafu.

Kwa nini basi hayafanyiki? Kwa sababu mifumo miwili huwa ya taasisi mbili, na njia iliyo katikati haina mwenyewe. Huyu husema ametuma, yule husema hajaletewa, na mwananchi huambiwa arudi alikotoka. Wahenga walikwishatuonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumenunua mashine, daftari tumelisahau.

Napendekeza kila makubaliano ya kubadilishana taarifa kati ya taasisi za umma yataje, kwa cheo, afisa mmoja mwenye wajibu wa kulinganisha kila siku zilizotumwa na zilizopokelewa, na wa kumjibu mwananchi aliyedondoka njiani. Hilo halihitaji mkopo wala mtaalamu kutoka nje.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, mkiambiwa mfumo hausomi, ulizeni swali moja: zilitumwa taarifa ngapi, zikafika ngapi? Ofisi isiyoweza kulijibu haina haki ya kumwambia mtu kwamba hayumo.