Baba mdogo ana nia, msimsingizie

Mwezi wa Ramadhani, dakika chache kabla ya magharibi, baba yangu mdogo hukaa barazani na glasi ya maji, tende tatu, na sigara moja aliyokwisha kuitoa kwenye pakiti na kuibana juu ya sikio. Adhana ikiingia anakula tende, anashushia mafunda mawili ya maji, na kabla hajagusa uji kiberiti kimeshawaka. Mkono unamtetemeka kidogo. Tangu alfajiri hajavuta, kiasi cha saa 13, na hufanya hivyo mwezi mzima, kila mwaka, tangu mimi sijazaliwa.

Halafu jirani anamwambia: "Mzee mwenzangu, wewe huna nia tu. Mbona sisi tuliacha?"

Kauli hiyo naisikia misibani, vijiweni, mpaka kwa watoa huduma za afya. Si kweli, na inaua watu. Anayeweza kuizuia kiu yake ya moshi saa 13 kwa siku, mwezi mzima, nia anayo kuliko wengi wanaomsema.

Tatizo liko kwenye nikotini. Ukivuta, inafika kwenye ubongo katika sekunde zisizozidi 20 hivi, na ubongo wa mvutaji wa miaka mingi umeshazoea kuisubiri. Ikichelewa, arosto inaingia: hasira bila sababu, usingizi wa mang'amung'amu, akili isiyotulia. Makali yake ni siku tatu za mwanzo, kisha hupungua katika wiki mbili hadi nne. Mfungaji hafiki huko, maana kila jioni anawasha na hesabu inaanza upya.

Na hao wanaojisifu kuwa walitupa pakiti siku moja wasirudi tena? Wapo, nawapongeza. Lakini aliyetupa pakiti akainunua tena baada ya wiki hasimami mbele ya watu kutoa ushuhuda, ndiyo maana tunasikia hadithi za upande mmoja. Tafiti za wanaojaribu kuacha bila msaada wowote zinaonyesha kuwa katika kila 100, wanaofika miezi sita hadi mwaka bila kurudi ni kama watatu hadi watano. Tuseme wale 95 wote hawana nia?

Kwa heroini tuliacha kusema hivyo. Mwaka 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, na waraibu wakaanza kunywa dozi yao kila siku mbele ya mhudumu. Tulikubali kuwa uraibu ni ugonjwa wenye dawa. Kwa sigara, inayouzwa moja moja kila kibanda, bado tunahubiri nia.

Dawa zipo. Vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi na chingamu yake viliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Vareniklini na bupropioni zikafuata mwaka 2021. Vibandiko na chingamu huongeza uwezekano wa kuacha kwa takribani nusu, na mtu akipata na ushauri wa mara kwa mara matokeo huwa mazuri zaidi. Nia inahitajika, sikatai. Lakini nia ni ya kukufikisha mlangoni kwa daktari.

Baba mdogo alifika. Nilimsindikiza mwenyewe. Tuliambiwa "mzee aache tu", tukatoka na chupa ya dawa ya kikohozi. Alijikaza siku tisa. Siku ya kumi, kijiweni, kahawa ikiwa mkononi, mwenzake akamnyooshea pakiti. Hakuwa na mtu wa kumweleza kwamba kahawa na kijiwe huamsha hamu, na kwamba hamu hiyo hupita katika dakika chache ukiinuka ukatembea. Alirudi nyumbani kimya, amejiona dhaifu, na tangu siku hiyo hajajaribu tena. Hilo la kujiona dhaifu ndilo tulilompa sisi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na Ibara ya 14 inataka serikali ziwasaidie wavutaji kuacha. Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya ihakikishe vibandiko vinapatikana mpaka zahanati, pamoja na mhudumu aliyefundishwa kuvitoa. Nawe msomaji, kama kwenu yuko mvutaji aliyewahi kuacha akarudi, usimseme. Muulize alifika siku ya ngapi, na safari hii umsindikize.