Abiria Asiyelipa Nauli: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Majini ya Kenya

Kwa Mkurugenzi Mkuu,

Ofisa anayekagua boti ya watalii huhesabu jaketi za kujiokoa, hutazama injini, hudai leseni. Ni kazi ya maana. Barua hii inaomba swali moja zaidi: juzi boti hii ilikuwa ziwa gani?

Ziwa Naivasha limepokea wageni wengi. Kamba wa Louisiana waliletwa makusudi mwaka 1970, wakayafyeka majani ya chini ya maji. Gugu maji likaonekana 1988, na siku hizi upepo ukigeuka, boti hunasa kwenye zulia la kijani kabla abiria hajaona kiboko hata mmoja. Kuwabebesha manahodha lawama hiyo ni kuwaonea. Lakini hakuna mto unaotoka Naivasha kwenda Baringo, ziwa jingine la maji baridi katika Bonde la Ufa lenye boti za watalii. Gugu litakalotoka huku likafika kule litakuwa limebebwa na mtu, na trela ya boti ni usafiri mzuri tu. Hata tope la nanga si la kupuuzwa: mbegu za gugu maji hukaa topeni miaka 20 na bado zikaota.

Wamarekani wameyaona haya. Januari 2007, kome wa quagga waligunduliwa Ziwa Mead, jangwani, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Maziwa Makuu ya hukohuko Amerika, walikokuwa wamejaa. Zilizoshukiwa ni boti za starehe zilizovutwa kwa magari, kwani mabuu ya kome hayaonekani kwa macho na maji kidogo ya ngama huyatosha. Jimbo la Idaho likaweka vituo vya ukaguzi barabarani, ambako kila chombo lazima kisimame. Hata hivyo mwaka 2023 mabuu yalipatikana Mto Snake, penye mji wa Twin Falls. Dawa ya shaba ikamwagwa mtoni, samaki wakafa kwa tani. Mwaka uliofuata kome wakaonekana tena.

Kinga yenyewe ni ya brashi na subira. Boti inayohama ziwa isuguliwe tumbo, rafadha na nanga. Kizibo kifunguliwe, ngama ikauke. Kisha ianikwe siku tano. Mamlaka iliandike sharti hilo kwenye cheti cha ukaguzi, na ianze na gati la Karagita huko Naivasha: bomba, brashi, na shimo la maji machafu lililochimbwa mbali na ufuo.