Hasira ya Jo na Shauri la Mama



Mwezi huu nataka tumtazame msichana mmoja wa kitabuni. Louisa May Alcott wa Marekani alitoa sehemu ya kwanza ya "Little Women" mwaka 1868, na ya pili mwaka 1869. Yeye mwenyewe aliwahi kuuguza askari majeruhi kwa majuma machache kuanzia mwishoni mwa 1862, hivyo sisi wauguzi tunamhesabu kuwa mwenzetu.

Kitabu chahusu mabinti wanne wa familia ya March. Baba yuko vitani, mama ndiye anayewalea. Wa pili ni Jo, miaka 15, mpenda vitabu na mwenye huruma, lakini hasira yake hupanda upesi kama maziwa jikoni.

Siku moja mdogo wake Amy, miaka 12, alikataliwa kwenda na dada zake kutazama mchezo wa kuigiza. Kwa uchungu akalichoma moto daftari la hadithi ambazo Jo alizitunga kwa miaka kadhaa. Mama alilichukulia kosa hilo kwa uzito, akamwonya Amy, naye akaomba radhi. Jo akakataa. Mama akamsihi asilale na hasira, kama Waefeso 4:26 inavyotuasa. Wapi!

Kesho yake Jo alikwenda na rafiki yake kuteleza juu ya mto ulioganda. Amy akawafuata. Rafiki akaonya kwamba katikati barafu si imara. Jo alisikia, lakini hakujali kama mdogo wake amesikia au la, akanyamaza. Barafu ikapasuka, Amy akatumbukia. Kwa bahati njema walimwahi.

Usiku ule Jo alilia kwa majuto. Mama angeweza kusema, "Si nilikuambia?" Hakusema hivyo. Alimweleza bintiye kwamba yeye naye ana hasira kama hiyo, hukasirika karibu kila siku, na kwa miaka 40 amekuwa akijifunza kuizuia kwa msaada wa Mungu na wa mumewe. Jo alishangaa, kwani alidhani mama yake alizaliwa mpole.

Hata hivyo Jo hakubadilika kwa siku moja. Baadaye ulimi wake mkali ulimkosesha safari ya Ulaya, akachukuliwa Amy. Lakini alizidi kukua, hata akamuuguza ndugu yake Beth kwa uvumilivu mpaka mwisho.

Mama mwenzangu, binti mwenye hasira nyumbani kwetu huambiwa nini? "Utaolewa na nani wewe?" Maneno hayo humwumiza, wala hayamfundishi kujizuia. Mwonyeshe la kufanya: anyamaze kwanza, atoke nje kidogo, anywe maji, kisha arudi mzungumze kabla ya kulala. Aliyemkosea naye aonywe, hata kama ni kitinda mimba. Na akishatulia, mweleze jinsi wewe mwenyewe unavyopambana na hasira yako. Akijua kwamba upole wa mama hujengwa siku kwa siku, hatakata tamaa atakapoteleza.

Jioni moja juma hili, mkichambua mchele au mkisuka nywele, mwanzishieni mabinti mazungumzo hayo.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.