Kolwezi: Kabla ya kuuliza jina la kompyuta, uliza tarehe yake

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo ambao bado unaendesha kompyuta nyingi katika nyumba, maduka na sekretaria za umma za Kolwezi. Siku hiyo hakuna mashini iliyozimika. Kompyuta inawaka kama jana, barua inaandikwa, filamu inacheza. Ndiyo maana wazazi wengi hawakusikia kitu. Lakini kila tundu jipya la usalama linalogunduliwa tangu siku hiyo linabaki wazi, na wenye kutengeneza virusi wanalijua.

Kwa jamaa za Lualaba, jambo hili si dogo. Kompyuta moja hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi, kisha nyumba nzima inaitumia. Baba anaandika barua ya kuomba kazi migodini, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kolwezi anaandika kazi yake ya mwisho wa masomo, mama anapiga hesabu za duka, watoto wanatazama video. Mashini ikiingiliwa na virusi, wote wanapoteza.

Mtu anapojiandaa kununua, swali la kwanza linalosikika ni hili: “Tukamate Windows ao Mac?” Ni swali zuri, lakini halipaswi kuwa la kwanza. La kwanza ni tarehe: mashini hii itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi mwaka gani? Baada ya hapo yanafuata maswali ya kwetu, yaani umeme, mega na fundi. Jina la kampuni lije mwisho.

Windows: soma namba ya prosesa

Windows ina faida kubwa hapa kwetu. Karibu kila fundi wa mtaani anaijua, vipuri vinapatikana, na ofisi nyingi za migodi zinafanya kazi nayo. Kwa anayesoma jiolojia au uchimbaji, karibu hakuna njia nyingine. Programu kama Surpac ya kupanga mgodi na ArcGIS Pro ya kuchora ramani zimetengenezwa kwa Windows.

Tatizo ni Windows 11. Mfumo huu uliotoka Oktoba 2021 unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, memori ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo inaanza karibu yote kwenye kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Kwa hiyo kompyuta ya okazioni iliyotengenezwa mwaka 2013 au 2015, hata ikiwa safi na nzima, haikubaliki rasmi.

Kizazi hicho unaweza kukijua mwenyewe dukani. Fungua ukurasa unaoeleza habari za mashini, usome jina la prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: hicho ni kizazi cha 6, kimeachwa nje. Ukiona i5-8250U, ni cha 8, kinakubalika. Namba ikianza na 10, 11 au 12, kama i5-1135G7, hicho ni kizazi kipya zaidi.

Uwe macho pia na muuzaji anayesema, “Hii ya zamani nimeiwekea Windows 11, usiogope.” Kuilazimisha kuingia kunawezekana. Lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashini isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na hayo masasisho ndiyo uliyokuwa unayatafuta.

Kwa wenye Windows 10, Microsoft ilitoa mwaka mmoja wa nyongeza, uliopangwa kufikia tarehe 13 Oktoba 2026. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na jirani zake chache, nyongeza hiyo ilifanywa ya bure baada ya mashirika ya kutetea wanunuzi kupaza sauti. Kwingine mtu alitakiwa kulipa dola 30, au kutumia pointi za kampuni hiyo, au kukubali mipangilio ya mashini yake ihifadhiwe katika akaunti ya Microsoft. Anayeweza kuipata aichukue, lakini asidanganyike. Nyongeza hiyo ni muda wa kujipanga tu, na baada yake mashini inarudi palepale.

Mac na Chromebook: uzuri wenye masharti

Kompyuta za Apple zinasifiwa kwa betri inayodumu, na sifa hiyo ni ya kweli kwa zile zilizotoka tangu Novemba 2020, zenye chipu za Apple zenyewe, kuanzia M1. Katika mji ambapo umeme unakatika, betri ya saa nyingi ni mali. Lakini bei iko juu: Machi 2025, MacBook Air mpya yenye chipu ya M4 ilianza kuuzwa kwa dola 999 huko Marekani, kabla ya usafiri na ushuru. Memori yake haiongezwi baadaye, kwa hiyo kiasi unachonunua siku ya kwanza ndicho utakachokaa nacho.

Hatari iko kwenye Mac za zamani zenye prosesa za Intel, ambazo muuzaji huzitoa kwa bei inayovutia. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe, mfumo wake wa mwaka huo, ndio wa mwisho kukubali Mac za Intel, na hata huo unakubali aina chache tu za mwaka 2019 na 2020. MacBook ya 2015 ina tufaha linalong'aa mgongoni, lakini barabara yake imekwisha. Jambo la pili: Mac za miaka ya karibuni zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza. Usitoe pesa kabla muuzaji hajaifuta mashini mbele yako na wewe kuiwasha upya kwa akaunti yako.

Chromebook za Google ni rahisi, nyepesi na hazisumbuliwi sana na virusi. Septemba 2023 Google iliahidi masasisho ya miaka 10. Lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina hiyo ya mashini ilipotolewa, hata kama wewe umeinunua jana. Nyingi zinazouzwa kama okazioni zilitoka katika shule za Marekani na Ulaya. Baadhi bado zimefungwa kwa akaunti ya shule, nyingine tarehe yake imepita. Tena, Chromebook inategemea sana intaneti. Kwa mwenye koneksio ya kudumu nyumbani, inafaa. Kwa anayenunua mega kidogo kidogo, itamchosha.

Linux: mlango ambao wengi hawaujui

Kuna njia ya nne, na kwa mwenye kompyuta ya zamani mara nyingi ndiyo bora. Linux ilianza mwaka 1991, ikiwa kazi ya Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Leo inaendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti duniani. Kwa matumizi ya nyumbani kuna aina rahisi kama Linux Mint, ambayo sura yake haiko mbali na Windows. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, limeahidiwa masasisho hadi mwaka 2029. Ni la bure kwa haki kabisa, bila kukraki. Linaanzia memori ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni afadhali, na linazungumza Kifaransa.

Unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Ukiona wifi, sauti na printa vinafanya kazi, ndipo unaamua. Ndani yake mna LibreOffice kwa barua na hesabu. Wasemaji wa Kiswahili wana historia na programu za namna hii: mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Linux ina mipaka yake. Word na Excel zenyewe hazisimikwi humo kwa njia ya kawaida, na hati yenye majedwali mengi inaweza kubadilika sura ikifunguliwa kwa LibreOffice. Surpac haimo. Na si kila fundi anaijua. Lakini kwa barua, masomo ya sekondari, filamu, barua pepe na kutafuta habari, inatosha.

Umeme na mega ndivyo vinavyoamua

Kolwezi iko karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke, yaliyojengwa kwenye mto Lualaba katika miaka ya 1950. Hapa ndipo pia inapofika laini ya umeme kutoka Inga, safari ya kilometa 1,700 hivi. Hata hivyo, taa za nyumbani zinazimika, huku migodi ikihitaji umeme mwingi. Kwa sababu hiyo, kompyuta ya mezani ina hasara kwetu: umeme ukikatika, kazi isiyohifadhiwa inapotea na diski inaweza kuharibika. Atakayeinunua ahesabu pia bei ya stabilizatere na betri ya akiba.

Laptopu ni salama zaidi, ila betri ya okazioni inaweza kuwa imechoka. Ichomoe kwenye umeme mbele ya muuzaji, uiache icheze video kwa nusu saa, kisha utazame asilimia iliyobaki. Asiyekubali jaribio hilo amekwisha kukujibu.

Kuhusu mega, masasisho ya Windows yanaweza kumeza gigabaiti kadhaa bila kukuuliza. Katika mipangilio ya wifi kuna sehemu iitwayo “connexion limitée”. Ukiiwasha, Windows inapunguza mzigo huo. Usiyazime kabisa masasisho. Tafuta siku yenye koneksio nzuri, uyaruhusu yaingie.

Kobalti yetu, takataka yetu

Suala hili linagusa Lualaba kuliko mahali pengine popote. Congo inatoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa inatoka katika udongo huu. Huko Kasulo, watu walichimba hata chini ya nyumba zao. Kobalti hiyo inaingia katika betri za laptopu.

Wengine huuliza ni kampuni gani iliyo safi kuliko nyingine. Desemba 2019, shirika moja la Marekani lilifungua kesi mjini Washington kwa niaba ya jamaa za Congo ambazo watoto wao walikufa au kuumia katika machimbo ya kobalti. Washtakiwa walikuwa Apple, Alphabet ambayo ni mama wa Google, Microsoft, Dell na Tesla. Machi 2024 mahakama ya rufaa ilikubali uamuzi wa kuitupa kesi hiyo. Lakini yatazame majina hayo: kampuni za Mac, Windows na Chromebook zote zilikuwa katika orodha moja. Mnunuzi wa Kolwezi hawezi kununua dhamiri safi kwa kuchagua nembo.

Anachoweza kufanya ni kuitumia mashini kwa muda mrefu. Kompyuta inayotupwa wakati betri na skrini bado ni nzima, kwa sababu tu programu imeikataa, ni jasho la mchimbaji lililotupwa. Na Ulaya inapoachana na mashini zisizopokea Windows 11, baadhi zitaletwa kwetu kwa bei ya chini. Tusipouliza tarehe, tutakuwa jaa la vitu vilivyotoka ardhini mwetu.

Basi, kwa ufupi. Mwanafunzi wa migodi atafute Windows 11 yenye prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, memori ya gigabaiti 8 na diski ya SSD. Mwenye uwezo anayetaka Mac asishuke chini ya M1. Mwenye koneksio ya kudumu anaweza kuchukua Chromebook, baada ya kuthibitisha tarehe yake. Na mwenye kompyuta ya Windows 10 isiyoweza kupanda asiitupe: anakili picha na hati zake kwenye diski ya nje, kisha aweke Linux Mint.

Viongozi wa jimbo na wakuu wa shule nao wana neno lao. Kompyuta zinaponunuliwa kwa pesa za umma, au zinapopokelewa kama msaada, mkataba utaje mwaka ambao masasisho yatakwisha. Ulaya walipata mwaka wa bure kwa sababu wanunuzi wao walipanga sauti zao pamoja. Wanunuzi wa Kolwezi wanaweza kuanza leo kwa swali moja dukani: “Hii itasasishwa hadi mwaka gani?” Muuzaji akiulizwa hivyo mara kumi kwa juma, atabadilisha anacholeta.